Lenzi Husimulia, Sensa Huandika

Mwaka 2012 ulikuwa na vituko vyake kwa watu wa kamera. Februari, Nikon walitangaza kamera ya D800 yenye megapikseli 36.3, yaani pikseli, zile nukta zinazounda picha, milioni 36.3; mara tatu kamili ya D700 iliyokuwa nayo 12.1. Mwezi huohuo, kule Barcelona, Nokia wakapanda jukwaani na simu yao ya 808 PureView: megapikseli 41 ndani ya kitu cha kutia mfukoni. Kisha ikaja Agosti, gari la Curiosity likatua Mars, na picha za rangi za Mlima Sharp zilipoanza kushuka duniani watu wakaduwaa. Kamera zilizofungwa juu ya mlingoti wa gari lile zilikuwa na megapikseli 2. Naam, mbili.

Walioziunda walikuwa na sababu zao. Vifaa vya safari kama ile huchaguliwa miaka mingi kabla ya roketi kuruka, na njia ya kutuma data kutoka Mars ni nyembamba kama uzi. Kamera moja ilikuwa na lenzi ya milimita 34, nyingine ya milimita 100 inayovuta mbali zaidi, na picha pana zilipatikana kwa kuunga fremu nyingi ndogo hadi zikawa mandhari moja. Lakini sijasikia mtu aliyezitazama akalalamika kwamba zimefifia. Jiwe lilionekana jiwe, mchanga mchanga.

Huwa nautaja mwaka ule kila ninapovutwa kwenye ubishi wa lenzi na megapikseli, kipi hasa kinaamua ukali wa picha, na ubishi huu hauishi. Kambi ya kwanza iko kwenye maduka ya simu, Kariakoo na kwingineko, ambako namba ya megapikseli huandikwa kubwa kuliko jina la simu yenyewe. Kambi ya pili ni sisi wapiga picha wa kamera, tunaotembea na msemo mmoja mdomoni: bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, hupita, lenzi hubaki. Moyo wangu uko kambi ya pili. Ila nimechoshwa na hoja zake, maana mara nyingi tunapata jibu sahihi kwa hesabu mbovu.

Hesabu yenyewe mbovu ni hii: eti lenzi ina kiwango chake cha ukali, sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera chenye pikseli za kupokea mwanga, ina kiwango chake, na kiwango kidogo ndicho kinachoamua kila kitu. Sensa ikiizidi lenzi, pikseli zilizozidi ni bure. Lenzi ikiizidi sensa, pesa ya lenzi imetupwa. Watu huifikiria kama bomba la maji lenye sehemu nyembamba: panua kwingine kote, maji hayaongezeki. Picha nzuri ya kichwani, lakini mwanga hauendi hivyo.

Wataalamu wa lenzi hawaulizi tu kama lenzi ni kali au si kali. Huchukua mistari myeusi na myeupe iliyopangwa sambamba, minene kwanza, kisha myembamba, kisha myembamba zaidi, na kuuliza: baada ya kupita kwenye lenzi, tofauti ya cheusi na cheupe imebaki kiasi gani? Mistari minene hupita karibu mizima. Myembamba hulegea; nyeusi inakuwa kijivu kizito, nyeupe inakuwa kijivu chepesi, mpaka inafika mahali yote inakuwa kijivu kimoja. Sensa nayo hupimwa vilevile. Na vipimo hivyo viwili havishindani kutafuta mdogo ni nani. Vinazidishwa.

Fikiria habari inayopita kwa watu wawili. Mmoja aliona, anasimulia, mwingine anaandika. Msimuliaji amesahau nusu ya mambo. Mwandishi naye anadaka sita katika kila kumi anayoambiwa. Kilichofika kwenye karatasi si nusu wala si sita ya kumi, ni nusu ya sita, yaani tatu katika kumi. Lenzi husimulia, sensa huandika. Kwa mistari ya unene fulani, lenzi ikibakiza asilimia 50 na sensa asilimia 60, picha ina 30.

Sasa toa pesa mfukoni. Ukinunua bodi mpya ambayo sensa yake inabakiza 80, picha inapanda hadi 40. Ukibaki na bodi ya zamani na kununua lenzi inayobakiza 80, inapanda hadi 48. Njia zote mbili zimekusogeza mbele. Hakuna ukuta uliougonga. Isipokuwa pale tu ambapo lenzi inatoa sifuri, kwa sababu sifuri mara chochote ni sifuri. Lakini kabla ya kufika huko, sensa bora huinua hata lenzi duni, na lenzi bora huinua hata sensa ya zamani. Tofauti ni kwamba faida kubwa zaidi hutoka kwenye kile kilicho dhaifu zaidi, na hapo ndipo kambi yetu inapopata haki yake. Kamera nyingi zilizoko mitaani zimevalishwa lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja nayo kwenye boksi, na kati ya hivyo viwili, msimuliaji ndiye mwenye usahaulifu zaidi.

Nikirudi kwa ile D800. Ilipotoka, maneno yalikuwa mengi kwamba itazianika lenzi za watu, kwamba vioo vilivyokuwa vizuri jana leo vitaonekana takataka. Nikon wenyewe walitoa mwongozo wa kiufundi wenye lenzi walizozipendekeza na ushauri wa kutumia tripodi. Watu wakauza lenzi zao kwa hofu. Wapo waliozinunua kwa bei ya kutupa na wakaneemeka, mimi simo, sikuwa na pesa wakati ule.

Hofu yenyewe ilitokana na namna ya kutazama. Ukifungua picha ya megapikseli 12 kwenye kompyuta, pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, kisha ukafungua ya megapikseli 36 kwa mtindo huohuo, ile ya pili umeikuza karibu mara 1.7 zaidi. Ni kama kusogeza pua kwenye ukuta kisha kulaumu rangi kwamba ina mabaka. Chapa zote mbili kwa ukubwa mmoja, kwa mfano A3, uzitundike, urudi nyuma hatua mbili. Lenzi ileile, iliyosemwa kuwa imeaibishwa, itatoa picha bora kwenye sensa ya 36 kuliko kwenye ya 12. Bora kidogo au bora sana, itategemea lenzi, lakini mbaya zaidi haiwi.

Nimesema mara 1.7, si mara tatu, na hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Megapikseli ni eneo. Ukali ni urefu. Ukitaka kuona mstari mwembamba mara mbili, unahitaji pikseli mara nne: kutoka 12 uende 48. Kutoka 24 kwenda 36, hatua ambayo kwenye tangazo inasikika kama nusu nzima imeongezwa, upana wa picha unapanda kwa takriban asilimia 22 tu. Kutoka 45 kwenda 61, kama asilimia 16. Ukiwa umeishika kamera mkononi bila tripodi jioni ya harusi, asilimia 16 hiyo mkono unaimeza kabla haijafika kwenye kadi.

Na lenzi inapoizidi sensa? Kambi yetu husema hapo hakuna madhara, ni akiba tu. Si kweli, na nimeyalipia mwenyewe. Nilipiga harusi moja kwa kamera isiyo na kichujio cha kufifisha mbele ya sensa na lenzi ya milimita 85 ambayo naipenda kuliko ndugu wengine. Bwana harusi alivaa suti ya kijivu, kitambaa cha nyuzi nyembamba zilizosukwa kwa usawa wa kupendeza. Nyumbani nikafungua picha: begani kuna mawimbi ya zambarau na kijani, kifuani upinde wa mvua, kwenye mkono duara zinazozunguka kama mafuta juu ya dimbwi. Suti haikuwa na rangi hata moja kati ya hizo. Nilikaa siku mbili napaka bega la mtu kwa panya ya kompyuta.

Mawimbi hayo huitwa muare. Hutokea lenzi inapopitisha nyuzi nyembamba kuliko zile ambazo pikseli zinaweza kuzihesabu. Sensa, kwa kuwa lazima iandike kitu, inaandika uongo. Rangi nazo huzidisha tatizo. Kila pikseli kwenye kamera nyingi huona rangi moja tu: nusu ya pikseli zote huona kijani, robo nyekundu, robo bluu, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976. Rangi nyingine hukisiwa kutoka kwa majirani. Nyuzi za suti zikipishana vibaya na mpangilio huo, makisio yanakwenda kombo.

Ndiyo maana kwa miaka mingi watengenezaji waliweka mbele ya sensa kipande chembamba cha kufifisha picha kidogo. Hebu lifikirie hilo: umelipia lenzi kali, halafu ndani ya kamera kuna kioo ambacho kazi yake ni kuupunguza ukali huo kwa makusudi. D800 ilitoka kwa sura mbili, ya kawaida na D800E, ambayo kazi ya kichujio hicho ilikuwa imebatilishwa, na ile iliyobatilishwa ndiyo iliyouzwa ghali zaidi. Watu walilipa ziada ili wafanyiwe pungufu. Na walikuwa na haki, maana kadiri pikseli zinavyoongezeka ndivyo muare unavyopungua. Hii ni faida ya kweli ya megapikseli nyingi ambayo tangazo la dukani halijawahi kuitaja hata siku moja: zinapunguza uongo. Kwa anayepiga mashela, suti na mapazia ya kumbi za harusi, si jambo dogo.

Tuje kwenye simu, maana huko ndiko namba zimepanda hadi zimekosa haya. Kijana mmoja mtaani kwetu alinunua simu ya megapikseli 200 akaja kunionyesha kama mtu aliyeleta barua ya ushindi wa kesi. "Kaka, hii mia mbili. Hiyo yako ishirini na nne, na bado unaitundika shingoni." Nikamwambia anitumie picha moja, ile faili yenyewe. Ilikuwa na megapikseli 12.5. Alidhani simu ni feki.

Si feki. Samsung Galaxy S23 Ultra, ya mwaka 2023, ina sensa ya pikseli milioni 200, kila moja upana wa maikromita 0.6. Lenzi yake kuu ni f/1.7, namba inayotaja upana wa tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Sasa mwanga una tabia ambayo George Airy aliieleza tangu mwaka 1835: nukta ya mwanga ikipita kwenye tundu la duara haifiki kuwa nukta, inafika kuwa kiduara kidogo. Lenzi isiyo na kasoro hata moja, iliyosuguliwa na malaika, bado itakupa kiduara. Kwa mwanga wa kijani na tundu la f/1.7, upana wa kiduara hicho ni kama maikromita 2.3. Pikseli ni 0.6. Maana yake nukta moja ya nyota inaangukia eneo la pikseli zipatazo 11. Pikseli kumi na moja zote zinaandika habari ya nukta moja.

Watengenezaji wanalijua hilo kuliko sisi. Wamezigawa pikseli hizo katika mafungu ya kumi na sita, nne kwa nne, kila fungu likivikwa kichujio cha rangi moja. Upana wa fungu ni maikromita 2.4. Angalia namba hizo mbili tena: kiduara cha mwanga 2.3, fungu la pikseli 2.4. Simu inazijumlisha kumi na sita ziwe moja, milioni 200 inakuwa milioni 12.5, na ndiyo picha unayoipata siku zote usipokwenda kwenye menyu kulazimisha kingine. Namba ya kwenye boksi ni ya duka. Namba ya kwenye faili ni ya fizikia.

Lakini nisimdhulumu yule kijana. Pikseli zile ndogo si utapeli. Nokia walifanya vilevile na 808: megapikseli 41 zilizosongwa kuwa 5 zenye usafi ambao simu za wakati ule hazikuukaribia, na lenzi ya Carl Zeiss mbele ya sensa iliyokuwa kubwa ajabu kwa simu. Mchana wa jua kali, ukilazimisha zote 200, unapata vitu vidogo ambavyo 12.5 haivioni. Kuzidisha ni kuzidisha, hata lenzi ndogo ikiandikwa na mwandishi makini zaidi inapata kitu. Ninachokataa ni kulinganisha 200 yake na 24 yangu kana kwamba ni magunia ya mahindi kwenye mizani moja.

Kinyume chake, Apple walikaa na megapikseli 12 kuanzia iPhone 6s ya mwaka 2015 hadi 13 ya mwaka 2021. Katika miaka hiyo picha za iPhone hazikusimama. Sensa zilikua, na tundu la lenzi kuu lilitoka f/2.2 likafika f/1.5 kwenye 13 Pro, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya mwanga kwa kila eneo la sensa, na programu ya kuchanganya fremu nyingi ikawa na akili zaidi. Namba ya 12 haikutikisika. Mwaka 2022 ndipo wakaenda 48 kwenye 14 Pro, na hata hiyo, mtu asipochagua, ilimpa 12.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauko dukani. Darubini ya Hubble ilirushwa angani Aprili 1990. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 2.4, na kilisuguliwa kwa ulaini ambao wakati ule ulikuwa haujawahi kuonekana, ila kwa umbo lisilo sahihi. Kifaa kilichotumika kukipima wakati wa kusugua kilikuwa na lenzi moja iliyokaa nje ya mahali pake kwa milimita 1.3. Matokeo yake ukingo wa kioo ukawa bapa kupita kiasi kwa maikromita 2.2, sehemu ya hamsini hivi ya unywele. Nyota zikatoka na ukungu pembeni kama taa ya barabarani siku ya mvua. Mabilioni ya dola yakawa dhihaka kwenye vichekesho vya televisheni Marekani.

Sensa hazikuwa na kosa. Zingekuwa na pikseli mara kumi, zingeandika ukungu uleule kwa ufasaha zaidi. Wanasayansi wakakimbilia kompyuta: waliijua kasoro ilivyo, wakajaribu kuirudisha nyuma kwa hisabati. Kwa vitu vyenye mwanga mwingi walipata nafuu kubwa. Kwa vile hafifu, ambavyo ndivyo hasa walivyoifuata Hubble angani, mwanga ulikuwa umekwisha kutawanyika na kuchanganyika na kelele za sensa, na hisabati haiwezi kuokota kilichokwisha kuzama.

Desemba 1993 wanaanga wakaifuata kwa chombo cha Endeavour na kuitengeneza. Miongoni mwa vitu walivyoweka ni kamera mpya iliyoitwa WFPC2, ambayo ndani yake kulikuwa na vioo vidogo vilivyotengenezwa kwa makusudi na kosa lilelile, kinyumenyume, ili makosa mawili yafutane. Sensa zake zilikuwa nne, kila moja pikseli 800 kwa 800. Jumlisha zote: megapikseli 2.56. Kwa kamera hiyo, Aprili 1995, ilipigwa ile picha ya nguzo za gesi na vumbi kwenye Nebula ya Tai, ambayo hadi leo watu huiweka kwenye skrini zao bila kujua kwamba kila fremu iliyoiunda ilikuwa na pikseli chache kuliko kamera ya mbele ya simu ya bei rahisi.

Naleta habari ya Hubble pia kwa sababu kuna mchezaji wa tatu uwanjani sasa, programu, na mashabiki wake wanasema ubishi wetu umepitwa na wakati. Simu itasahihisha kila kasoro ya lenzi, wanasema. Kwa baadhi ya kasoro ni kweli: mistari iliyopinda pembeni, giza la kwenye kona, rangi zilizoachana ukingoni. Lenzi nyingi za kamera mpya hata zinaundwa kwa kutegemea kwamba programu itanyoosha mikunjo yake. Lakini undani ambao haukufika kwenye sensa una njia mbili tu: ama haupo, ama umebuniwa. Mwaka 2023 mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaififisha kwa makusudi mpaka mashimo yake yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta na kuipiga kwa simu ya Samsung akiwa mbali kidogo. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo. Samsung wakaeleza kwamba simu huutambua mwezi na kuongeza undani kwa akili bandia. Mwezi hauna hasara, sura yake ni ileile kila siku. Uso wa bibi yako, je?

Msururu wa kuzidisha hauishii kwa lenzi na sensa. Kuna mkono, kuna fokasi, kuna hewa. Anayepiga picha za wanyama Serengeti anajua: saa sita mchana, simba yuko mita mia tatu, ardhi imepata moto, na kati yenu hewa inacheza kama sarabi juu ya lami. Weka lenzi ya milimita 600 ya bei ya kiwanja, weka bodi ya megapikseli 45, utapata manyoya yaliyochorwa kwa maji. Hewa imebakiza asilimia 20 na zilizobaki zote zinazidisha 20 hiyo. Waongozaji wazoefu huamka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu nyingi, na hii ni mojawapo hata kama hawaitaji kwa jina. Halafu kuna wale wanaofunga tundu la lenzi hadi f/22 wakiamini kila kitu kitakuwa kikali kuanzia miguuni hadi upeo wa macho. Kile kiduara cha Airy kwa f/22 kina upana wa karibu maikromita 30. Kwenye sensa ya 45 pikseli ni kama 4.4. Umenunua 45, umezigeuza mwenyewe kwa kidole kimoja kuwa chache mno.

Mwisho wa msururu ni pale picha inapotazamwa, na hapa ni aibu tupu. WhatsApp, ikiachwa kwenye ubora wa kawaida, huipunguza picha mpaka upande mrefu uwe kama pikseli 1,600. Hiyo ni chini ya megapikseli 2, nafasi ileile ya Curiosity. Picha ya A4 iliyochapwa vizuri haihitaji hata 9. Televisheni ya 4K inaonyesha 8.3.

Wapo wanaozihitaji pikseli kweli. Anayepiga ndege na kukata robo ya fremu. Anayenakili hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambaye nukta moja juu au chini ya herufi hubadilisha neno zima; huyo anahitaji megapikseli na lenzi iliyo sawa kutoka katikati hadi kona, vyote viwili, na tripodi nzito. Anayechapa kitambaa cha ukumbi chenye urefu wa mita tatu ambacho wageni watasimama mbele yake wakipiga picha. Kwao sina la kusema.

Kwa wengine, kama pesa ni moja na uamuzi ni mmoja, ningeanza na lenzi, na si lazima iwe ghali. Lenzi ya milimita 50 f/1.8 ni rahisi kwa sababu mchoro wake ni wa zamani: chanzo chake ni Planar ya Paul Rudolph wa Zeiss, mwaka 1896, vioo vilivyopangwa kana kwamba vinatazamana kwenye maji, kasoro za upande huu zikifutwa na upande ule. Ilikuwa bora kwenye karatasi ila iliteswa na miakisi ya ndani, mpaka tabaka jembamba la kuzuia miakisi lilipobuniwa hapohapo Zeiss miaka ya 1930. Baada ya hapo dunia nzima iliinakili. Ukiifunga hadi f/5.6, katikati ya picha yake utahitaji kioo cha kukuzia ili kuitofautisha na lenzi ya dola elfu nne. Ghali unalipia kona, na unalipia tundu likiwa wazi kabisa. Na lenzi hudumu. Kamera ya D800 ilipokea lenzi za Nikon za tangu mwaka 1977 na kuzipimia mwanga bila shida. Nani leo anatumia bodi ya dijitali ya mwaka 2002?

Kudumu kwenyewe, lakini, kuna masharti huku pwani. Unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa au Unguja hauna huruma, na lenzi iliyokaa kwenye begi la ngozi kabatini msimu wa masika huota fangasi ndani ya vioo, nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na hula lile tabaka la kuzuia miakisi. Bodi ikifa inakufa mara moja. Lenzi inaliwa taratibu na wewe huna habari. Ile 85 yangu inao, upande mmoja, umejikunja kama ramani ya mto. Nilimpelekea fundi, akaimulika kwa tochi, akatikisa kichwa, akaniambia mizizi anaweza kuiua lakini akiisugua, tabaka litatoka nayo, nichague. Nimeiacha. Nimeipima kwa mistari, ukali uko palepale kama ilivyokuwa. Ila nikiielekeza kwenye mwanga, picha yote inafunikwa na weupe kama maji ya mchele. Basi maharusi wangu wote siku hizi wanasimama wakiangalia jua, wakikunja macho, na mimi nimeliacha mgongoni.